Wanakwaya wa Kwenye Shimo Langu

Leo nimejianika mwenyewe, jamani. Saa nne asubuhi, jua lote la Gongoni likinitazama. Hakuna aliyenisukuma. (Ningependa awepo. Ningemtaja jina.)

Mnaonijua mnajua kwamba mwaka jana nilikufa. Nilirudi, lakini nilikufa. Malaria ilinipanda kichwani mwezi kama huu wa baridi, nikabebwa kwa guta la mizigo hadi hospitali huku nawapungia watu mkono kama mgombea. (Hayo ya mkono nimeambiwa.) Tangu hapo masikio yanavuma, magoti yamekataa ufundi wangu wa baiskeli, na nimebaki na kazi moja tu: kumtaja aliyeniua.

Nimemtaja kila mahali. Msibani, kijiweni kwenye kahawa, hata nje ya kanisa. Bi Mwajuma! Jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Ana mapipa mawili ya maji uani kwake, na mbu walioniua wametoka mle. Mke wangu alishaniuliza, "Baba Kulwa, mbona kwake hakuugua hata kuku?" Nikamjibu kwamba mbu wa mtu hawamng'ati mwenyewe. (Elimu yangu ya darasa la nne hiyo inaongea.)

Sasa na mgonjwa naye ana starehe yake. Uani kwangu kuna shimo tulilotoa udongo wa matofali. Nalijazia maji ya kisima kila Jumamosi, nimeotesha na yungiyungi. Kipupwe hiki asubuhi nakaa pale naota jua, nimejifunika blanketi, mkononi nina simu aliyonipa binti yangu Kulwa alipokuja kutoka Kaliua. Napiga picha wadudu.

Mdudu wa baridi ni mzee mwenzangu. Kerengende hawezi kuruka mpaka jua limpashe mabawa, kwa hiyo unampiga mpaka ndani ya jicho. Yuko mmoja anatembea juu ya maji kama Petro kabla hajaogopa. Halafu wako wadogo, wembamba kama uzi uliokatwa, wamejipanga juu ya maji wametulia. Ukiwapitishia kivuli wanajipindapinda, wanazama wote kwa pamoja. Hao niliwapenda. Nikawaita wanakwaya.

Basi. Jumatatu nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kumshitaki Bi Mwajuma, mara ya nne. Nadhani mwenyekiti alichoka, maana leo bwana afya kaja. Na mtaa mzima nyuma yake.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye mlalamikaji?"

"Marahaba. Ndimi marehemu."

Tukaingia kwa Bi Mwajuma. Bwana afya akafunua pipa la kwanza. Mfuniko, chini yake kitambaa kimefungwa kwa mpira. Maji yake unaweza kumbatizia mtoto. Pipa la pili vilevile. Akageukageuka uani. Pakavu, vumbi tupu.

Bi Mwajuma akajitanda kanga yake vizuri. "Baba Kulwa, nikufungulie na chumbani? Huenda nimewaficha uvunguni."

Watu wakacheka. Hapo ndipo ningerudi kwangu nikalala. Sikulala. Nikataka heshima yangu irudi.

"Bwana afya," nikasema, "wewe ni mtu wa wadudu. Njoo kwangu uone maji yanavyotunzwa. Na picha ninazo!"

Akaja. Wote wakaja. Nikampa simu. Akaanza na kerengende.

"Lo! Mzee, hii umepiga wewe?"

"Mimi." (Hapo nimerefuka futi moja.)

Akafika kwa wanakwaya. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza usoni.

"Umewapiga vizuri sana, mzee. Vizuri mno. Unamwona huyu alivyolala bapa na maji? Watoto wa mbu wengine huning'inia kichwa chini. Anayelala hivi ni mtoto wa mbu wa malaria."

"Haiwezekani! Mbu anazaliwa kwenye uchafu. Maji yangu ni safi."

"Hayo ndiyo anayoyapenda huyu. Safi, yenye jua. Wako wengi hivi siku zote?"

Na mimi, mdomo ukaitangulia akili: "Hawa wachache! Mwaka jana mwezi kama huu walijaa mpaka ukingoni."



Mke wangu akajiziba mdomo kwa kanga. Niliwaona watu wakihesabu miezi.

"Mwezi kama huu?" akauliza Bi Mwajuma, taratibu.

Bwana afya akasema shimo lifukiwe. Magoti haya kinachoyatoa kitandani asubuhi ni lile shimo, hakuna kingine. Nikawa natazama yungiyungi langu tu.

Aliyejibu ni yeye. Bi Mwajuma! "Bwana afya, mgonjwa wetu huyu hana pa kukaa zaidi ya hapo. Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Perege wadogo, wanawala hao wote. Mpaka Jumamosi: waingie samaki au uingie udongo."

"Kaka yangu anavua bwawani. Nitamwambia."

Huyu ndiye aliyeniletea uji wa ulezi hospitali, siku kumi na moja. Niliwaambia watu kwamba anakuja kuangalia kama nimeshakata roho.

Akafika mlangoni, akageuka. "Baba Kulwa, na kule kote ulikonitaja, utapita tena?"

Nitapita, jamani. Msibani, kijiweni, nje ya kanisa, kwa magoti haya haya. Anayecheka acheke polepole, masikio bado yanavuma. Nimeona nianzie hapa kwenu kwenye simu, pasipohitaji kutembea: Bi Mwajuma hakuniua. Aliyeniua ni mimi, na picha za ushahidi ninazo.