Picha ya Lanfang na Jina la Chini Yake

Jumapili, 4 Agosti 1996

Roho imeniuma leo mpaka kahawa ikanishinda.

Baada ya misa tulishuka kwenye ukumbi wa parokia kama kawaida. Ukutani, picha mpya. Mvulana wa Kichina, kofia ya sufu, mashavu mekundu. Chini ya picha karatasi, na kwenye karatasi jina kwa herufi kubwa: KAZADI! Kazadi huyu huyu wa Lubumbashi, muuza wigi katika maduka ya Galerie d'Ixelles hapa Ulaya, anayeimba sauti ya pili kwayani na kutuharibia ya kwanza.

Nikauliza kulikoni. Kumbe anamlipia mtoto huyo karo. Madame Godelieve, yule mwalimu mstaafu wa Kiflamandi, ana chama chake kinaitwa Kalamu za Mlimani. Kila mwaka anaenda China, huko vijijini milimani, anaandika majina ya watoto waliofaulu ambao wazazi wao hawana uwezo, anarudi na picha. Unachagua picha, unalipa mwaka mzima, jina lako linabandikwa chini.

Sasa kina mama wote wanamwita Papa Chine, yaani Baba China. Maman Bibiane amempisha kiti. Mimi, Bienaimé, miaka tisa katika parokia hii, nimewahi kupishwa kiti? Hata siku moja!

Nikamwendea Madame Godelieve mbio. Ilibaki picha moja. Msichana wa miaka kumi na mitatu, Lanfang. Nywele kazibana nyuma, anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyechelewa. Wa kwanza katika mtihani wa wilaya nzima. Baba aliumia mgongo machimboni, mama analima viazi. Nikasema huyu ni wangu. Nikasaini kwa sauti, ili Kazadi asikie.

Madame akanishika mikono yote miwili. Akasema malipo yamfikie kabla ya Jumanne tarehe ishirini, maana siku hiyo anatuma faksi ya majina shuleni. Jina likikosekana, kiti anapewa mwingine na Lanfang anabaki kwenye viazi. Nikamwambia alale usingizi.

Kuna jambo dogo sijamwambia mke wangu Émérance. Mshahara wangu umeshakuwa koti. Rangi ya kiini cha yai, vifungo vya dhahabu. Yeye anadhani nimepewa na mtu wa kazini.

Jumanne, 6 Agosti

Akili ninayo bwana!

Ninasafisha ofisi katika mnara mmoja karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord, ghorofa nne. Watu wa mle wanakalia viti vinavyozunguka. Watu kama hao hawawezi kukosa chochote mfukoni. Nimetoa nakala sitini za picha ya Lanfang kwenye mashine yao, nikaweka moja juu ya kila meza pamoja na bahasha, bahasha zao wenyewe. Nimeandika: Msaidie Bienaimé amsomeshe mtoto huyu.

Kesho nikusanye. Alamsiki, Papa Chine!

Alhamisi, 8 Agosti

Matokeo. Tiketi moja ya metro, imeshatumika. Kifungo cha shati. Kadi ya daktari wa meno. Na barua kutoka kwa mkuu wangu, anauliza nani alimruhusu nani kutumia karatasi ya kampuni.

Nimeamriwa kuziokota zote kabla ya saa mbili asubuhi. Nimezunguka ghorofa nne nikikusanya nyuso sitini za Lanfang, na zote zinaniuliza karo iko wapi. Nikazibeba nyumbani. Siwezi kutupa uso wa mtoto kwenye pipa.

Jumapili, 11 Agosti

Kazadi kanivuta pembeni baada ya misa. Nilijua amekuja kunicheka. Hakucheka. Akaniambia polepole:

“Papa Bienaimé, kama iko muzito kwako, ule mutoto unipe miye. Nitalipia wote wawili.”

Mwenyezi Mungu! Papa Chine mara mbili! Picha mbili ukutani, jina moja! Nikamjibu kwamba asante sana, lakini nimeshalipa, tena juzi. Uongo mtupu, umetoka wenyewe kama chafya. Kazadi akasema bon, c'est bien, akanipongeza. Akanipa mkono! Ningependa zaidi anitukane.

Nyumbani Émérance alikuwa ameshajua kila kitu. Bei ya koti kaipata kwa Maman Bibiane, ambaye shemeji yake ndiye kaniuzia. Habari ya Kazadi kaipata kwa Kazadi mwenyewe. Nikangoja kelele. Wapi! Aliweka ugali mezani, akaegemeza picha ya Lanfang kwenye chupa ya pilipili, akasema:

“Yule mutoto anangoja shule, Bienaimé. Hangoji jina yako.”

Nikala kidogo sana. Nikafikiria kumpelekea Kazadi ile picha. Nilivaa hata viatu. Kisha nikafikiria vile Maman Bibiane atakavyompisha kiti cha pili aweke miguu. Nikavua viatu. Ndivyo nilivyo, nifanye nini?

Jumatatu, 12 Agosti

Nimepata! Nimepata na sijui kwa nini sikupata mapema.

Libanga! Sisi Wazaire tunajua mambo haya tangu utotoni. Mwimbaji akiwa katikati ya wimbo anataja jina lako. Mbele ya watu wote, kwenye kipaza sauti! Ukishatajwa huna pa kujificha. Unainuka, unacheza taratibu mpaka mbele, unabandika noti kwenye paji la uso wake. Nimeona watu wabahili kupindukia wakitoa hata nauli ya kurudi nyumbani, ili mradi jina lao lipite mara ya pili.

Basi ni karamu. Jumamosi alasiri, ukumbi wa parokia, kwa ajili ya karo ya Lanfang. Mwimbaji nimeshampata, Rigobert wa Bukavu, mchana ni dereva wa gari la mikate, wikendi ana bendi. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Tumepatana jina langu litajwe katika kila wimbo, na kwa kuwa mimi ndiye mwandaaji, mimi sitoi kitu.

Émérance amesikiliza, akauliza kama nimefikiria mwanzo mpaka mwisho. Nimemwambia mwanzo, katikati na mwisho.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria, watu wote wako nyumbani, nimezunguka mtaa wetu wote wa Matonge kualika. Kila mtu ana swali moja tu. Kazadi atatajwa mara ngapi? Nimewaahidi wote, mmoja mmoja, kwamba watatajwa kumzidi Kazadi. Kazadi naye nimemwahidi kwamba atatajwa kuwazidi wote.

Amekubali kuja. Ameniuliza karamu ya nini tena ikiwa nimeshalipa. Nikakohoa muda mrefu mpaka akanionea huruma.

Jumamosi, 17 Agosti

Ni usiku sana lakini lazima niandike.

Ukumbi ulifurika! Watu walisimama mpaka ngazini. Nilivaa koti langu la yai. Madame Godelieve alikaa mbele na kopo la bati la biskuti mapajani, tupu, tayari kwa karo, akipiga makofi nje kabisa ya ngoma.

Rigobert akaanza. Ee bwana we! Akamtaja Maman Bibiane, Maman Bibiane akainuka kama malkia. Akamtaja Kazadi, Kazadi akabandika. Akataja wa Goma, wa Kolwezi, wa Uvira kwetu, kila mtu akitaka kumfunika mwenzake. Paji la uso la Rigobert halikuonekana tena. Mimi kila wimbo nilisikia Bienaimé, Bienaimé, nikawa napunga mkono tu. Nilikuwa na furaha ya ajabu. Nilijiona nimeshafika.

Saa kumi na moja bendi ikapumzika. Nikamwendea Rigobert nyuma ya spika nikinyoosha kiganja, nichukue karo nimpelekee Madame. Akanitazama kana kwamba nimemwomba suruali.

“Ile franga ni ya mwimbaji, papa. Tangu siku gani mwimbaji anarudisha?”

Kweli. Kweli tupu! Kinachobandikwa kwenye paji la uso wa mwimbaji ni cha mwimbaji, hata mtoto wa kwetu anajua. Mimi nilifikiria majina siku tano nzima, paji la uso sikulifikiria hata dakika moja. Rigobert hakuwa na kosa lolote. Alidhani mimi nimetafuta karo kwingine, na yeye nimemwita afurahishe watu.

Nikachungulia kopo la Madame. Tupu. Watu walishaanza kutafuta makoti yao, mifuko yao imekauka, wamefurahi, kila mtu anaamini amemsomesha Lanfang. Émérance akanitazama kutoka upande wa pili wa ukumbi. Nikaona yule mtoto na jembe lake, wa kwanza wa wilaya nzima, kwa ajili ya koti na mdomo wangu. Machozi yakanijia.

Nikapanda jukwaani, nikakamata kipaza sauti. Naapa nilitaka kusema ukweli. Nilitaka kuwaambia kwamba sikulipa, kwamba nimedanganya, kwamba Kazadi achukue picha. Lakini mtu ukishashika kipaza sauti mbele ya Wazaire, mdomo unajua kazi yake. Nilichosikia kinatoka ni:

“Rigobert!”

Sauti yangu ni ya chura, lakini niliendelea. Rigobert wa Bukavu! Rigobert mtoto wa Maman Yolande wa Kadutu! Rigobert wa mikate! Mpiga gitaa, kwa mazoea tu, akaanza kunifuata.

Rigobert alisimama pale na chupa ya Fanta mkononi, haendi mbele, harudi nyuma. Miaka ishirini anataja majina ya watu. Ametaja matajiri, mabwana harusi, hata mbwa wa mtu mmoja wa Liège. Nani amewahi kumtaja yeye? Hakuna. Midomo ikaanza kumcheza. Akaweka chupa chini.

“Rudilia, papa,” akasema. “Rudilia tena.”

Nikarudia. Nikarudia na jina la mama yake. Na aliyetajwa anafanya nini? Anainuka, anacheza taratibu, anabandika! Sheria ni sheria. Akaja huku analia na kucheza, akabandika noti ya kwanza kwenye paji langu la uso. Nikamwomba Madame kopo, nikaliweka kichwani juu. Akatia noti za mfuko wa kulia. Akatia za mfuko wa kushoto. Akavua kiatu, akatia na za kwenye soksi! Ukumbi ulipiga kelele mpaka padri akashuka kuangalia kuna nini. Kazadi akaninyang'anya kipaza sauti, akamtaja Rigobert kwa ile sauti yake ya pili, na leo, lazima niseme, ilikuwa nzuri. Watu waliosema mifuko imekauka wakakuta bado kuna kona.

Karo ya Lanfang imepatikana yote. Na kilichozidi kinatosha karo ya wavulana wawili waliokuwa kwenye orodha ya kungoja ya Madame. Madame Godelieve hakuelewa hata nukta moja ya yaliyotokea, alikuwa anambusu kila aliyekuwa karibu. Émérance kanikumbatia mbele ya watu. Nimelia kama mtoto, na sioni haya.

Jumanne, 20 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini, nimeenda kwa Madame kuona faksi ikiondoka kwa macho yangu. Karatasi iliingia polepole, mstari wa tatu Lanfang. Mashine ikalia. Nikaambiwa imefika China. Mara hiyo hiyo! Nilitaka kupiga magoti.

Kisha tukaenda ukumbini kubandika jina. Nilikuja na pini zangu mwenyewe. Madame akatoa karatasi, akabandika: RIGOBERT.

Nikamwambia kwa heshima kwamba pamekosewa. Akajibu kwamba anaandika jina la aliyetoa. Akaniuliza mimi nilitoa kiasi gani. Nikamweleza kwamba mimi nilitoa wazo. Akasema lilikuwa wazo zuri sana, akanipa biskuti.

Kazadi alikuwepo. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Nikamwambia ukweli papo hapo, kwamba ile Jumapili nilimdanganya. Akasema alijua tangu nilipokohoa, na siku ile ile aliandaa bahasha yenye karo ya Lanfang kwa ajili ya leo asubuhi, endapo ningeshindwa. Mtu wa namna hii unamchukiaje vizuri?

Jumapili, 29 Septemba

Barua imefika! Rigobert kaileta kanisani ndani ya shati, Madame ameandika Kifaransa chini ya kila mstari, na Rigobert akaniomba mimi niisome mbele ya wote kwa sababu yeye alikuwa ameshaanza kulia.

Lanfang yuko shuleni. Analala bwenini, kitanda cha juu, dirisha linaonyesha mto. Hesabu ni rahisi, Kiingereza kigumu. Anasema siku ya kwanza mwalimu aliita majina ya darasa lote, watoto hamsini na wawili, lake likawa la mwisho. Alikuwa ameshaanza kukusanya vitu vyake arudi nyumbani. Alipolisikia akaitika kwa nguvu mpaka darasa zima likacheka. Anamuuliza Rigobert anafanya kazi gani huko Ulaya.

Nilisoma mpaka hapo, nikashindwa. Kazadi akamalizia. Maman Bibiane akalia, Émérance akalia, padri akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Nikawaza kwamba jina langu kukosekana pale ukutani si kitu. Nimewaza hivyo kwa moyo mweupe kabisa, kama dakika nne.

Halafu Madame Godelieve akafungua mkoba. Picha mpya sita, za muhula wa pili. Kazadi akanyoosha mkono, akachukua moja, watu wakapiga makofi.

Mimi nimechukua tano. Nimesaini kwa sauti. Émérance alikuwa jikoni anaosha vikombe, hakusikia, na nimeona si vizuri kumsumbua siku ya Bwana.