Aliyefuta Maneno ya Kiboko

Jumatatu, 9 Juni 2025

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi: lifunge. Ukishindwa, basi soma bila kusogeza midomo, na usimwambie mtu hata neno moja. Hasa Zenon. Kazi yangu iko humu.

Mambo yenyewe ni haya. Mimi ni karani wa maktaba hapa Sumbawanga. Niko kwenye majaribio, nayo yanakwisha mwezi huu. Mama Silvana, mkutubi wetu, kanikabidhi rafu ya watoto wadogo. Jumatatu ijayo ni Siku ya Mtoto wa Afrika, wazazi watakuja. Nipange vitabu vya picha, na kila kimoja nikiwekee kadi: "Umependa hiki? Jaribu na hiki." Rafu ikipendeza, nathibitishwa. Isipopendeza, narudi kwetu Matai kupura ulezi. Na mama ameshatangazia kanisani, kigango kizima, kwamba mwanawe ni mtu wa ofisi!

Leo nimefungua boksi la vitabu vipya. Kuna kimoja, Kiboko Aenda Sokoni. Jalada zuri. Jina lipo. Ndani, picha. Nikafunua tena. Picha. Mpaka mwisho. Hakuna neno hata moja!

Mtu kayafuta. Na aliyelileta boksi kutoka stendi ni Zenon, karani mwenzangu, ambaye hucheka bila sababu.

Jumanne, 10 Juni

Uchunguzi. Nimekinusa kitabu. Nimekiinua kwenye mwanga wa dirisha. Nimekwangua ukurasa kwa ukucha. Hakuna alama. Kazi ya fundi.

Nikimwambia Mama Silvana, atauliza kwa nini nilisaini kupokea kitabu kibovu. Nisipomwambia, Zenon atamwambia. Nikampima Zenon kwa mbali: nikamuuliza kama mikono yake inawasha siku hizi (dawa ya kufuta wino huwasha). Akaniuliza, mshikaji, leo umekunywa chai kweli? Swali langu hakulijibu. Ieleweke kwamba hakulijibu.

Kitabu nimekificha nyuma ya juzuu za sheria, rafu ya juu. Hakuna mtoto wa umri huo anayefika kule.

Jumatano, 11 Juni

Baridi kali. Nimevaa sweta mbili. Amekuja Mama Adolfu, muuza mahindi wa sokoni, na mwanawe Adolfu kamshika sketi. Alitaka kitabu cha kumsomea mtoto. Nikampa Meno na Wajibu Wake. Maneno tele, aya ndefu, kitabu kamili. Adolfu alikitazama kama mimi ninavyotazama sindano. Nikashauri kwamba wakimaliza wajaribu Macho na Wajibu Wake, halafu Choo na Wajibu Wetu. Vinafanana kabisa. Unene mmoja.

Akasema asante baba, lakini wao wanataka kingine kama kile cha kiboko.

Nikashika meza. Kiboko gani? Kile walichoazima kwa Zenon, kilichokuja na boksi la kwanza. Kumbe kuna nakala ya pili! Akasimulia mwenyewe bila kulazimishwa: bibi yake Adolfu alimhadithia kwa Kifipa, mtoto akacheka mpaka akalowesha kitanda. Kesho yake baba akahadithia kivingine, kiboko akawa ametumwa chumvi na mkewe. Nikauliza kwa upole, mle ndani yaliandikwa maneno gani? Akanitazama kwa huruma. Maneno ya nini, baba, na kiboko mwenyewe unamwona?

Huyu wameshamvuta upande wao.

Kisha nikaiona kadi ya Zenon, kaibandika mezani bila kuombwa: "Umependa kiboko aliyevuruga soko? Jaribu na mbuzi aliyekula kofia ya padri. Naye hasikii la mtu." Mbuzi ameazimwa hapohapo, mbele ya macho yangu. Kadi haitaji idadi ya kurasa! Haitaji mwaka wa kuchapishwa! Mtu anaandika hovyo vile kwa nini, kama si kunionyesha kwamba sifai?

Ijumaa, 13 Juni

Nimepata dawa. Maneno yamefutwa, nitayarudisha. Mama Silvana asijue kamwe kwamba yalitoka.

Wenzangu walipokwenda kula nilijifungia stoo na kile kitabu na kalamu nyeusi. Nikatumia mwandiko wangu bora, ule ninaoandikia kadi za harusi za ofisi nzima. Pale kiboko anapotoka majini: "Kiboko ni mnyama mkubwa aishiye majini na nchi kavu." Pale anapopita barabarani: "Hapa anaonekana akielekea eneo la soko bila kibali." Pale alipokalia kabichi za watu: "Hasara imetokea."

Nilisita kidogo kwenye "Hasara imetokea." Nikaona inagusa moyo. Nikaiacha.

Kadi nayo nimeiandika: "Umependa Kiboko Aenda Sokoni? Jaribu na Sheria Ndogo za Masoko." Hakina picha, lakini soko ni lilelile. Kiboko nimemrudisha kwenye rafu ya watoto.

Jumatatu, 16 Juni

Naandika mlango umefungwa.

Wazazi walijaa. Watoto mkekani. Mgeni rasmi alikuwa Mzee Valerian, mwalimu mstaafu. Nilimpa shikamoo mbili kwa wasiwasi, akaitikia zote. Mama Silvana akanyoosha mkono kwenye rafu yangu, na katika vitabu vyote akachukua kile! Akasoma kwa sauti. Kuhusu kibali, watu walitazamana. Akafika kwenye kabichi.

"Hasara imetokea."

Mzee Valerian akakohoa. Hapo Adolfu akasimama akapiga kelele kwamba si kweli, kiboko amechoka, anapumzika! Mwenzake akasema muongo wewe, anataga yai. Binti mmoja akasema lake kwa Kifipa, mabibi wote wakaangua kicheko. Mgeni rasmi akaapa kwamba kiboko yule ni shemeji yake mtupu, yule wa Kasanga, ndivyo anavyokaa akija kusalimia.

Mama Silvana akauliza nani kaandika kitabuni. Hakuna aliyenitaja. Waliutazama mwandiko, kisha wakanitazama mimi.

Akaeleza mbele ya watu wote kwamba kitabu kimechapwa hivyo makusudi, ili kila nyumba ihadithie kwa lugha yake na akili yake. Eti aliyasema haya kwenye kikao cha mwezi uliopita. Inawezekana. Siku ile nilikuwa namchunga Zenon.

Hukumu: majaribio yameongezwa miezi mitatu. Na kila Jumamosi nikae mkekani, niwahadithie watoto kitabu kisicho na maneno. Zenon atanielekeza. Zenon!

Nilikaa mkekani palepale. Adolfu akanipandia pajani na nakala safi, ile waliyoazima, akauliza kiboko anawaza nini. Nikajibu bila kufikiri: anaogopa kufukuzwa. Akatafakari. Akaweka kiganja juu ya kiboko, akasema basi tumfiche. Tukakaa hivyo, kiboko kafichwa, mpaka mama yake akamwita.

Jumanne, 17 Juni

Nimelala, akili imerudi. Kwanza: kama hakuna kilichofutwa, kwa nini kila shahidi alitoa maelezo tofauti? Pili: yule mtoto alijuaje kwamba naogopa? Nani kamtuma? Nimeulizia. Nyumba yao inatazamana na ya Zenon!

Tena leo limekuja boksi jingine. Zenon kaliweka mezani, akacheka. Kitabu cha juu kabisa: Kitabu Changu cha Kuchora. Nikafunua. Hakuna maneno. Hakuna hata picha! Kurasa tupu mpaka mwisho! Walianza na maneno, sasa wamebeba na picha zote.

Nimekiingiza ndani ya sweta. Kesho naja na penseli za rangi. Nitaanza na meno ya kiboko.

Wewe uliyesoma mpaka hapa umeshakuwa shahidi. Njoo maktaba, usiniulizie kwa jina. Panda kingazi, rafu ya juu, nyuma ya juzuu za sheria. Acha kikaratasi useme unachojua. Mimi ndiye mwenye sweta mbili. Zenon akikusalimu, itikia poa, sema umekuja kuulizia choo. Akikupa kitabu chochote, kifunue kwanza uone kama kina kitu. Ila ukija Jumamosi ukanikuta mkekani na mtoto pajani, usinikatize. Subiri kiboko afike nyumbani.