Pikapu Yangu na Majoho Meupe ya Kwaya

Jamani, leo nimewapaka masizi watu wa Mungu.

Nina kipikapu cha dizeli, mtumba wa Japani. Kina tabo ya kuipa injini nguvu, lakini mlimani kinalia kama mtoto anayeachishwa ziwa. Mwaka jana nilibeba kwaya ya kanisa letu la Kisiba kwenda mashindanoni Ibighi, kikagoma njiani, tukafika wenzetu wameshaondoka. Mke wangu Tumpe, ndiye mwimbishaji, alilia. Safari hii nikamwapia: tutawahi.

Jana fundi akanionyesha skrubu ya kuongeza dizeli kwenye pampu. "Zungusha robo tu," akasema. Nikazungusha robo. Alipogeuka, nikaongeza nyingine, baba akiniona. Na nyingine. (Nampenda mke wangu, ningefanyaje?)

Asubuhi wanakwaya wakapanda nyuma, majoho meupe pee. Mbele nikakaa na baba yangu. Tumpe naye nyuma, maana kwetu Wanyakyusa mkamwana hakai karibu na baba mkwe, wala hafoki akiwapo.

Mlimani nikakanyaga mafuta. Mama yangu! Gari likapaa! Baba akashika dashibodi. Nyuma wakaanza kupiga paa la kebini yetu: pa! pa! pa!

"Wanafurahi," nikamwambia baba.

"Wanafurahi sana," akajibu.

Nikaongeza moto. Wakapiga zaidi. Nikapiga honi kuwaitikia. (Honi, jamani!)

Tukafika wa kwanza. Nikashuka kifua mbele, nikazunguka nyuma. Ile dizeli niliyozidisha ilikuwa imetoka kwenye ekzosi moshi mweusi tii, wote ukawarudia wao. Naona macho na meno tu.

"Tumepiga paa usimame mpaka mikono inauma!" akafoka mzee wa besi. Tumpe ananitazama tu.

Kabla sijaomba msamaha, wakaitwa. Na wimbo wenyewe ulihusu kuoshwa dhambi ukawa mweupe! Kanisa zima likaangua kicheko, mchungaji akajifunika uso kwa kitabu. Nikatamani ardhi inimeze. Tumpe akafuta midomo, akaimba. Akaimba hadi kicheko kikaisha na watu wakasimama. Nilijivunia yule mwanamke mpaka machozi yakanitoka.

Baba, ambaye kwa mila hasemi naye ana kwa ana, akanigeukia. "Gwe, mwambie mwenzio ameimba vizuri. Halafu karudishe hiyo skrubu."

Wamekuwa wa pili. Msinicheke, mikono imekufa ganzi: nafua majoho ya kwaya nzima, na Tumpe kakaa kwenye kigoda ananionyesha palipobaki peusi.