Losheni ya Jua na Mashuka Sita

Jumatatu, tarehe 4

Leo nimetukanwa. Tena ndani ya duka langu mwenyewe, mbele ya pasi yangu mwenyewe!

Meneja wa ile nyumba mpya ya wageni ya pale kona kaja kutafuta dobi. Mwanamke wa makamo, miwani myembamba, pua haitulii. Kanusa mashati. Kanusa pazia. Kisha kaninusa mimi. Kasema kazi yangu kaisikia, inasifiwa, lakini dobi wake atakuwa anapeleka mashuka mpaka mapokezi, wageni wanamwona, kwa hiyo naye lazima aonekane amefuliwa.

Amefuliwa! Miaka arobaini na moja nafulia watu, leo nguo chafu ni mimi?

Kaacha mashuka sita meupe ya majaribio. Jumamosi saa nne asubuhi atarudi kuyaangalia, na mimi ataniangalia. Mvuke naye kaachiwa sita. Mvuke ni dobi wa ng'ambo ya barabara. Nimembatiza hivyo mimi, kwa sababu ana pasi ya umeme inayotema mvuke kama birika, basi anajiona daktari.

Jioni binti yangu akapita. Mama yake kamweleza yote, na mengine ambayo hayakutokea. Binti akakata shauri palepale: tukipata mashuka ya wageni, baba aendelee na kazi, tukikosa, duka lifungwe, baba akapumzike. Nikamwambia namjua mtu aliyepumzishwa. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, anakaa nje kutwa akihesabu kuku, na kuku wenyewe si wake! Nikasema nakataa. Mke wangu akasema hakuna aliyeniuliza.

Naandika polepole kwa sababu nina hasira, si kwa sababu herufi zinanishinda. Ijulikane.

Jumanne, tarehe 5

Nimejitazama kwenye kioo. Uso mzuri tu. Umejikunja kidogo pembeni, pua imebabuka kwa joto la makaa, mashavu makavu kama turubai. Basi. Mambo ya mikunjo na ukavu ni kazi yangu. Nani anayajua kunishinda?

Nikaenda kwa dada wa vipodozi, kibanda cha tatu kutoka kwetu. Kaniita babu. Nikamwambia babu yake yuko kwao. Kacheka! Kaniuliza ngozi yangu ni ya mafuta au kavu. Nikamjibu ngozi yangu ni ya kwangu. Akaanza kunieleza taratibu, kwa sauti ya juu, kama nina pamba masikioni, kwamba sihitaji vitu ghali. Sabuni laini isiyo na manukato. Mafuta ya kulainisha, nipake ngozi ikiwa bado na majimaji. Na asubuhi losheni ya kukinga jua. Vitatu tu, babu. Akanipa vijichupa vya kujaribia, nipake kidogo nyuma ya sikio, ningoje kutwa nione kama panawasha.

Hapo nilimwona ana akili kidogo. Hata mimi dawa ya madoa huijaribu kwanza kwenye upindo. Lakini sikio ni la nini wakati nina meza ya pasi? Nikachukua kitambaa cheupe, nikapaka kila kitu mahali pake, nikafua. Kinachoacha doa hakigusi uso wangu!

Sabuni laini haikutoa hata tone la wino nililodondosha kuipima. Sabuni gani hiyo? Nje. Nikaweka sabuni ya mche mahali pake, ile ninayofulia maovaroli ya makanika. Mafuta ya kulainisha yakaacha doa kubwa kama sahani. Miaka arobaini na moja napigana na mafuta kwenye kola za watu, leo nijipake adui mwenyewe? Nje! Losheni ya jua ndiyo iliyonipendeza. Nyeupe pe, nyeupe kuliko kitambaa. Hiyo sikuhangaika hata kuifua. Cheupe juu ya cheupe, doa litoke wapi?

Nikarudi kununua chupa tatu. Dada akanikumbusha nipake kipako chembamba. Nikamwambia mimi si bahili wa kupaka.

Jumatano, tarehe 6

Uso unawaka moto! Sabuni ya mche imefanya kazi yake. Uchafu umetoka, na nadhani na ngozi kidogo.

Imebaki mikunjo. Mikunjo inataka wanga. Hili halihitaji kusoma. Saa sita mchana, wakati wateja wamekimbia jua, nimekoroga wanga mwepesi, ule wa mashati ya mabwana harusi, nikajilaza juu ya meza, nikajipaka, nikavuta mashavu kuelekea masikioni, nikatulia ukauke. Ukakauka vizuri mno. Sikuweza kufumbua mdomo.

Hapo ndipo mke wangu alipoingia. Mwanamke huyu ana bahati mbaya ya kuja wakati mbaya. Kasimama juu yangu. Hakushangaa, na hilo ndilo lililoniudhi. Kaniuliza kama nina pingamizi yoyote akilitoa lile koti langu zito, maana joto hili na koti lile vitaniua. Nikasema mmm! Kaniuliza tena, una pingamizi, mume wangu? Nikasema mmmm! Akasema asante, nilijua utaelewa. Akaondoka na koti. Koti la miaka kumi na tisa! Kampa mlinzi wa shule, ambaye anakesha kwenye baridi, eti yeye linamfaa.

Nikakasirika, wanga ukapasuka. Na ulipasuka palepale penye mikunjo. Sasa kila mkunjo una mpaka wake.

Alhamisi, tarehe 7

Sina koti. Binti kaleta mfuko. Ndani mna mashati mawili ya pamba, mikono mifupi, mapana, rangi ya maziwa, na suruali mbili za kitani. Akanifundisha. Mimi! Akanifundisha mimi habari za nguo! Eti wakati wa joto mtu achague pamba au kitani, rangi nyepesi, kitu kisichobana, upepo upite. Eti mashati machache na suruali mbili zinazopatana yanatosha wiki nzima, unafua tu na kubadilisha. Nikamwuliza nani atafua. Akasema wewe si dobi, baba?

Kitani nakijua vizuri. Ukikaa mara moja kimezeeka. Pamba ni mvivu, haisimami bila kusukumwa. Mtu wa pasi avae shati lililolegea kama ulimi wa mbwa? Nikalitia wanga. Nikapiga pasi. Nikatia tena. Mara nne. Shati likasimama lenyewe mlangoni, mteja mmoja akalisalimia.

Nikalivaa. Upepo haukupita. Hata mimi nilipita kwa shida. Kola ikanikata shingo pande zote mbili, na mikono haikushuka, ikabaki imetanuka kama ya mtu anayekaribisha wageni.

Mvuke akavuka barabara. Kanizunguka. Akasema, "Shikamoo mzee wangu. Hilo umelivaa au umelifungia bawaba?" Watu wa kibanda cha chai wakaanguka vicheko. Na hakuja kwa ajili ya shati! Kaja na futi ya kupimia. Kapima meza yangu ya pasi, urefu, upana, kimo, anasema kasikia huenda nikapumzika, na meza ya mti kama huu siku hizi haipatikani. Meza yangu! Nimechoma viwiko juu ya meza ile kabla yeye hajaota meno. Nilitaka kumkaba, mikono ikakataa kukutana.

Nikamwambia atapata meza hiyo siku nikiwa chini yake. Akasema hana haraka, mzee wangu.

Ijumaa, tarehe 8

HUJUMA!

Asubuhi nimepaka losheni ya jua. Vizuri, si kwa ubahili. Chupa nzima usoni, shingoni kwenye kidonda cha kola, na mikononi mpaka kwenye viwiko. Nikawa mweupe kama ukuta wa zahanati. Nikayatoa mashuka sita, nilikwisha kuyafua jana yake, masafi kabisa. Nikanyunyiza maji. Nikachochea makaa. Nikapiga pasi kama mtu wa miaka thelathini. Jasho lilinitoka, kidevu kinadondosha, lakini sikusimama. Saa saba nikawa nimemaliza. Nikayakunja nikarudi nyuma kuyaangalia.

Manjano! Madoa ya manjano, yaliyoiva, kama chai iliyomwagika. Shuka la kwanza mistari mitatu. La pili alama za vidole kumi. La nne lina kitu kama ramani.

Nani angefanya hivi kama si Mvuke? Nikatoka na shuka begani, nikavuka. Nikampa za uso mbele ya wateja wake. Nikamwambia katia kitu kwenye maji yangu. Nikamwambia ni mchawi wa mvuke. Hakukasirika, mnafiki yule. Kaniomba nisogee. Kachukua kitambaa cheupe, kanipangusa kidevu, kakiweka mezani, kapitisha pasi yake. Kitambaa kikawa manjano. Akasema, "Mzee wangu, hujuma yenyewe inakudondoka."

Kibanda cha chai kizima kilikuwa kimehamia pale. Mtu mmoja akapiga makofi. Nikasema hiyo ni pasi ya umeme, haina ushahidi. Nikarudi kwangu na shuka langu.

Kisha nikakaa. Sitaki kuandika hili, lakini nalo ni la siku hii. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikaitazama ile meza, na kwa mara ya kwanza nikaiona ikiwa kwa Mvuke, imewekwa dirishani, ina kitambaa cha maua. Nikashindwa hata kutukana.

Mke wangu akaingia, akaona, akayabeba mashuka yote sita uani. Akakamua ndimu, akasugua, akaloweka, akasuuza, akaanika kwenye jua kali. Nikamwambia ndimu ni za samaki. Akaniambia nikanawe uso kwa sabuni yake, ile laini, na nisiguse kitu chochote mpaka kesho.

Jumamosi, tarehe 9

Siku ya vita. Nimeamka uso umevimba, jicho la kushoto limefunga, shingo ina kitambaa. Nikavaa shati la wanga hata hivyo. Mwanamume harudi nyuma.

Mashuka yalikuwa yamekauka. Meupe! Nikayapiga pasi mikono mitupu, bila losheni, mke wangu kasimama nyuma yangu na taulo, kila jasho likitokeza analipangusa kama napasua mtu hospitali. Upindo kwa upindo, kona kwa kona. Hakuna pasi iliyowahi kupita namna ile. Mvuke na birika lake watasubiri sana.

Saa nne kasoro akanisukuma nyuma ya pazia. Eti nilinde makaa. Makaa yaibiwe na nani?

Meneja akaja. Nikamsikia ananusa. Akapitisha kidole kwenye kona za shuka. Akauliza nani aliyanyoosha hivi, maana ya jirani yana harufu ya plastiki iliyoungua. Kisha akamwuliza mke wangu anapaka nini usoni. Mke wangu akasema kopo lile lile la mafuta tangu wanawe wadogo, anajipaka akitoka kuoga. Na gauni je? La pamba, ninayo matatu. Wakaongea nusu saa! Kuhusu makopo na magauni! Na mimi nyuma ya pazia naiva.

Nikatoka. Mikono imetanuka, jicho moja, nikasema fundi ni mimi! Meneja akarudi hatua mbili, akauliza kama huyu mzee anaumwa. Mke wangu akasema, "Haumwi, bibie. Ndiye mwenye pasi. Bila yeye shuka halinyooki. Lakini mapokezi nitakuja mimi."

Meneja akasema basi, kazi ni ya mama.

Ya mama! Kasaini yeye. Ila binti alipokuja jioni, akaitazama meza, akanitazama mimi, akasema haya baba, endelea. Mvuke kairudisha futi yake mfukoni, nilimwona kwa jicho lililobaki.

Jumatatu, tarehe 11

Mashuka thelathini yameletwa leo. Meneja katuma salamu kwamba hajawahi kuona weupe kama ule wa Jumamosi. Mke wangu kapokea sifa zote na kutabasamu. Hakuna aliyenishukuru. Ubaya wa watu!

Kwa hiyo nimekaa nikafikiri mwenyewe, kwa akili ya miaka arobaini na moja. Sabuni ni ile ile tunayotumia siku zote. Maji ni yale yale. Jua ni lile lile, na Mvuke analo. Ndimu kila mtu anazo. Sasa mashuka yale sita yalipata nini ambacho hakuna shuka lingine duniani limepata? Losheni! Yalipakwa losheni, yakapigwa pasi ya moto, ndipo yakafuliwa. Weupe ule ni wangu. Wameninyang'anya mchana kweupe.

Mke wangu kaenda kwa dada yake, harudi mpaka saa kumi. Makaa yameshika vizuri. Nina chupa mbili nzima. Shuka la kwanza nimeshalipaka, pande zote mbili, si kwa ubahili.