Nairobi Yangu Iko Gatsata

Jumapili, 29 Julai 1990

Gratien tena. Mkutano mzima wa Chama cha Kujiendeleza leo ulikuwa Gratien, Gratien, Gratien. Tulikuwa watu kumi na tisa katika kile chumba cha shule hapa Rwezamenyo, na kumi na wanane tulikaa kumsikiliza mmoja akieleza siku tisa alizokaa Nairobi mwezi wa nne. Binamu yake anafanya kazi uwanja wa ndege, Kanombe, ndiye aliyempatia tiketi. Mimi binamu yangu anafuga sungura.

Amesema mji mkubwa unamfundisha mtu kutembea haraka na kufikiri polepole. Watu wakaandika. Hata mimi niliandika, kisha nikafuta. Dada Gahongayire, katibu wetu, fundi cherehani asiyepoteza wino bure, aliyapigia mstari mara mbili maneno hayo. Niliiona kalamu yake. Tangu Januari nimetoa mada mbili, moja juu ya kuamka mapema na moja juu ya usafi wa kucha. Hakupiga mstari hata nusu.

Namwonea wivu Gratien. Naandika wazi kwa sababu daftari hili nalisoma mwenyewe.

Mwishoni mwenyekiti wetu, Mwalimu Mutsinzi, akasoma barua. Chama kama chetu kule Bujumbura kinamwalika mwanachama mmoja akae kwao siku kumi, auone mji, arudi kutusimulia. Nauli juu yao. Kamati itamtaja mtu huyo tarehe 12 Agosti. Wote tukamgeukia Gratien. Yeye akatazama viatu vyake. Unyenyekevu wa kuigiza!

Nina miaka thelathini na minne na sijavuka mpaka wowote. Mbali kabisa nilikofika ni Butare, humuhumu Rwanda, nikarudi siku hiyohiyo kwa ajili ya tumbo. Naitaka Bujumbura. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Jumatatu, 30 Julai

Wazo limenijia kazini, ghala la chumvi, nikigonga mihuri. Kamati itamchagua mtu aliyesafiri. Hilo liko wazi, nani atamtuma mshamba? Basi na mimi nisafiri. Likizo yangu inaanza kesho, siku kumi na mbili. Nairobi kwa lori, kupitia Kampala.

Nimemwambia Mwalimu Mutsinzi. Nimemwambia Gahongayire. Nimemwambia muuza mkaa, maana yeye ndiye atakayewaambia waliobaki. Gratien aliniuliza kama kweli nakwenda. Nikamjibu kwamba kwa lori mtu anaona mengi kuliko kwa ndege. Akatazama tena viatu vyake. Nilifurahi mpaka saa ya chakula.

Ninakokwenda hasa ni Gatsata, kwa shangazi Nyirarukundo, kilimani juu ya stendi ya Nyabugogo. Kutoka hapa ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Watu wa Rwezamenyo hawana shughuli Gatsata.

Jumatano, 1 Agosti. Gatsata

Nilisahau jambo moja. Kusindikizwa.

Jana asubuhi nilifungua mlango na sanduku langu jipya la kahawia, nikakuta watu tisa wa chama wananingoja. Mwalimu Mutsinzi alivaa koti. Wakanibebea sanduku mpaka Nyabugogo. Niliwasihi warudi, kazi zao zinawangoja. Wakasema msafiri haachwi njiani, watangoja mpaka niondoke. Gahongayire alinipa mayai manne ya kuchemsha.

Hapakuwa na la kufanya ila kupanda lori. Nilimkuta dereva mmoja, Rwema, anakwenda Kampala. Nikamnong'oneza kwamba nashuka baada ya kona ya pili. Alinitazama, akawatazama watu tisa wanaopunga mikono, akasema panda. Gratien alipunga kuliko wote. Nilishuka Gatsata baada ya dakika nne.

Shangazi alipoona sanduku aliuliza kama nimefukuzwa nyumba. Nikamweleza mpango wote. Alicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 3 Agosti. Gatsata

Shangazi anauza ikigage, pombe yake ya mtama, uani kwake. Anasema Nairobi hakuna anayekula bure. Nimepasua kuni. Nimeteka maji mara sita. Nimetwanga mtama. Ninapochoka ananiuliza, Nkusi, unataka kurudi Rwanda?

Nimejaribu kujiendeleza hata hivyo. Asubuhi nilitembea haraka na kufikiri polepole, kama Gratien alivyofundisha. Nikajikwaa kwenye rundo la vyuma nje ya gereji. Goti limevimba. Fikra yenyewe haikufika.

Kutoka hapa naiona Nyabugogo yote, mabasi yanaingia na kutoka. Kila mtu anakwenda mahali isipokuwa mimi.

Jumanne, 7 Agosti. Gatsata

Bahati! Rwema amerudi kutoka Kampala na amekaa uani kwa shangazi. Kumbe ni mteja wake wa siku nyingi, na Nairobi anaijua. Nimemnunulia ikigage na kumkalia na daftari.

Tatizo ni kwamba anaijua Nairobi ya malori tu. Anajua mahali pa kuegesha, fundi wa matairi anayeaminika na mama mmoja anayekaanga maini. Zaidi ya yote anajua mizani. Njia nzima lori linapandishwa kwenye mizani, na likizidi uzito halipiti, hata mwenye lori awe nani. Saa nzima mizani. Nilimuuliza kuhusu majumba marefu. Akasema yapo, lakini huwezi kuegesha pale.

Nimeandika yote. Gratien alikuwa na majumba marefu. Mimi nina mizani.

Alhamisi, 9 Agosti. Gatsata

Nusura niumbuke. Saa tisa alasiri nilikuwa jikoni nachochea moto wa ikigage, nikasikia sauti ninayoijua uani. Gratien! Baiskeli yake imevunjika fremu, ameileta kuchomelewa Gatsata, na akiingoja ameona apate ikigage. Katika nyua zote za Gatsata akachagua ya shangazi yangu.

Nilijibanza nyuma ya mtungi. Moshi ulinitoa machozi, na shangazi, Mungu amsamehe, akaongeza kuni.

Gratien hakukawia. Kikombe cha kwanza tu akaanza kuwasimulia wanywaji Nairobi yake. Rwema alikuwepo. Akamuuliza kwa adabu, bwana, kutoka uwanja wa ndege ulipita barabara gani kuingia mjini? Gratien akakohoa. Akasema iko ile kubwa. Rwema akauliza, kubwa ipi? Gratien akakumbuka baiskeli yake, akaondoka akaacha kikombe kimejaa nusu.

Kiburi gani hicho! Mtu amesafiri mpaka hataki kumjibu dereva wa lori. Roho iliniuma kuliko macho. Lazima nami nijifunze kukohoa vile.

Jumamosi, 11 Agosti

Nimerudi nyumbani kutoka Nairobi. Viatu vina vumbi jekundu la Gatsata, sikulifuta. Nimeleta pakiti ya majani ya chai ya Kenya niliyonunua soko la Nyarugenge. Muuza mkaa ameniuliza kama chai yetu imekwisha. Nikamwambia aliyesafiri ataelewa.

Kila mtu amesema nimekonda. Hiyo ni kweli. Ni ule mtama.

Jumapili, 12 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio.

Nilizungumza kwanza. Nilianza na majumba marefu, nikaona miayo. Nikaacha, nikaenda kwenye mizani. Nikasema kila mji unampima mtu kabla ya kumwingiza, na aliyebeba kupita kiasi hurudishwa, kwa hiyo kujiendeleza ni kujua mzigo wako. Sijui yalitoka wapi. Miayo ikakoma. Gahongayire aliacha kuandika, akawa ananitazama tu. Sijawahi kutazamwa vile. Gratien alikaa kwenye kona, mnyonge, na mimi nikajiona niko Bujumbura tayari, miguu imo ziwani.

Kisha Mwalimu Mutsinzi akasimama. Akasema kamati imeamua kwamba mwaliko huu apewe mtu ambaye hajawahi kutoka nje ya nchi, kwa sababu anayeuhitaji ni yeye. Walipitia majina yote. Huyu amefika Bukavu, yule Goma, yule Bukoba kwa biashara. Alibaki mmoja tu na jina lake likaandikwa tangu ile Jumapili ya barua, mkutano ulipofungwa. Jina lenyewe ni Nkusi. Siku ya pili wakasikia Nkusi anakwenda Nairobi kwa juhudi zake mwenyewe. Wakafurahi sana, wakalifuta. Ndiyo maana kamati nzima ilikuja kunisindikiza.

Nilihisi lile goti la Gatsata limeanza upya.

Akauliza kama yuko mwingine ambaye hajasafiri, asimame. Nikatafuta miguu yangu. Kabla sijaipata, Gratien alikuwa amesimama.

Akasema hajawahi kufika Nairobi. Zile siku tisa alikaa Kanombe kwa binamu yake, ndani, akisikiliza ndege. Akasema alitaka tumheshimu, na tangu mwezi wa nne hajapata raha, na leo aliposikia habari ya mzigo ameona autue. Watu wengine walilia. Mwalimu Mutsinzi akamkumbatia, akamwambia Bujumbura ni yake.

Hapo nikaruka. Nikasema na mimi! Na mimi sikwenda! Nilikuwa Gatsata kwa shangazi, natwanga mtama!

Wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Mwalimu Mutsinzi akavua miwani, akaifuta. Akasema hajawahi kuona rafiki wa namna hii, anayejipaka matope ili mwenzake asiaibike peke yake. Nikaapa. Nikawaonyesha goti. Akasema, mwanangu, mizani ile huwezi kuitunga. Wakanipigia makofi. Gahongayire alipiga mstari chini ya jina langu mara tatu, na mbele yake akaandika: amesafiri.

Gratien alinishika mikono yote miwili, akaniita ndugu. Mimi nilitaka kumng'ata.

Jumatatu, 13 Agosti

Gratien amekuja kuniaga. Ameomba nimwazime sanduku, kwa kuwa yeye, kama nijuavyo, hajawahi kuhitaji sanduku. Gahongayire alikuwa naye, akinitazama kwa yale macho ya jana. Ningesemaje?

Tulimsindikiza Nyabugogo. Mimi ndiye niliyebebeshwa sanduku. Basi lilipoondoka nililiona juu, limefungwa kamba vizuri, la kahawia, linakwenda Bujumbura. Nalionea wivu sanduku.

Jumapili, 26 Agosti

Gratien amerudi. Tulimngoja aanze majigambo. Hakuanza. Amesema ameliona ziwa, watu wamemkarimu, na siku ya nne alianza kukumbuka kwao. Basi. Akakaa. Na watu wakapenda hata hivyo! Gahongayire ameyapigia mstari maneno ya ziwa. Wamekaa benchi moja mpaka mwisho wa mkutano.

Sanduku limerudi na mchanga ndani. Nimeukung'utia kwenye kopo. Sitaki kueleza kwa nini.

Mwalimu Mutsinzi akasoma barua nyingine. Safari hii Dar es Salaam, wiki mbili, mwaliko wa mtu mmoja. Amesema masharti ni yaleyale, wataanza na wasiosafiri. Wameingia wanachama wapya wawili, hawajafika hata Butare. Gahongayire, dada wa watu, amenijia baadaye akaniuliza taratibu kama lile la Gatsata lilikuwa kweli. Akasema likiwa kweli, kamati inakutana Jumatano na yeye yuko tayari kuniamini.

Nilifikiri haraka. Masharti ya namna hiyo hayawezi kudumu. Watu watachoka kutuma washamba, na Jumatano watamtaka mtu mwenye uzoefu, mwenye miji mingi. Na je, nimwambie mwanamke anayenitazama vile kwamba nilikuwa nyuma ya mtungi?

Nikamwambia Gatsata ilikuwa mzaha. Nikamwambia hata kesho nakwenda Addis Ababa, kwa ndege. Ameandika.

Kazini nitasema shangazi anaumwa. Gratien amenielekeza nyumba ya binamu yake bila kuuliza neno. Nimelielewa kosa langu la mara ya kwanza, lilikuwa Gatsata. Mtu makini anakwenda Kanombe. Pale angalau unasikia ndege.