Vikombe Ishirini na Vinne Mgongoni mwa Mzee Thuwaini

Ibra, Jumamosi, 15 Novemba

Mzee Thuwaini ana duka tupu na mgongo unaomuuma. Duka nalitaka mimi. Musallam, bwana wa hijama, anayeumika watu kwa vikombe na kuwachanja damu, naye analitaka. Mzee kasema atakayemtuliza mgongo ndiye mpangaji. Haki gani hiyo? Nilianza na meza moja ya vifuniko vya simu, sasa nina maduka mawili, leo napimwa kwa mgongo wa mtu! Sawa. Nimeagiza vikombe vya Kichina, ishirini na vinne. Musallam hutumia sita. Hesabu ni hesabu.

Jumapili, 16

Mke wangu Huwaida kakataa kujaribiwa. Nimejijaribu pajani. Pamba, spiriti, moto, kikombe. Lo! Kimeng'ang'ania mpaka adhuhuri. Nimempigia Mzee kumwambia kuwa kesho ni kumi na saba, siku ya sunna ya kuumika. Akauliza kumi na saba ya nini. Ya Novemba, nikasema. Akakata simu. Nadhani kafurahi.

Jumatatu, 17

Sielewi! Mzee asema sunna huhesabiwa kwa mwezi wa Kiislamu, na leo ni ishirini na sita. Mbona sikuambiwa? Huwaida asema tumeambiwa sote tangu chuo cha Kurani.

Hata hivyo Mzee kajilaza. Vikombe vyote vikaenea. Nikabandua: maduara mekundu, safi kama muhuri wa wizara. Akaomba kitambaa, akajifuta mgongo, akakitazama, akauliza damu iko wapi. Nikamweleza Mchina hachanji, huvuta tu.

"Yaani mwanangu, umenivuta ngozi, uchafu wote ukaniachia ndani?"

Wanawe walicheka hadi wakakaa chini.

Jumanne, 18

Mgongo umepona! Mzee kalala mpaka alfajiri. Duka kampa Musallam.

Kumbe Musallam alipita jana magharibi akamchanja, damu ikaonekana. Nikauliza, na ile ishirini na sita? Nikaambiwa maumivu hayangoji siku. Basi mimi nilisomeshwa tarehe ya nini? Na nani kaponya? Wanawe wananiletea kahawa tu.

Jumatano, 19

Kosa nimeliona: kikombe. Watu wanataka damu. Nimeagiza sindano za Kichina, zile za kudungwa mwilini kutuliza maumivu, mia tatu. Muuzaji kaniandikia hazitoi hata tone. Unyenyekevu wa biashara huo. Sindano mia tatu zikose damu?

Huko mji wa Al Kamil yuko mwenye duka tupu na goti bovu. Nimeshampigia. Nimemwambia asivae dishdasha, ile kanzu yake nyeupe.