Mshenga Mansur Mbele ya Msitu wa Mvuleni

Sogeeni, enyi watu wa Likoni na wa ng'ambo, ninyi mlioshika vikombe vya kahawa na ninyi mlioshika visu vya kukatia mchicha. Watulizeni watoto, zimeni redio, na mwenye kukohoa na akohoe sasa amalize, maana leo mnasimuliwa jambo ambalo babu zenu hawakulisikia na wajukuu zenu hawatalisadiki. Wengine wameimbiwa wafalme walioteka miji. Sisi tutamwimba Mansur bin Mwidani wa mtaa wa Shika Adabu, aliyekiteka kilima chenye urefu wa minazi miwili, mchana kweupe, akiwa na mkewe, hotipoti ya pilau, na kiatu kimoja.

Mansur huyu hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa karani wa mizigo bandarini hata akastaafu, lakini sifa yake haikutoka bandarini, ilitoka milangoni. Yeye ndiye mshenga wa mitaa saba, Ulimi wa Asali, Mfungua Milango Sabini. Kijana akipenda asijue pa kuanzia, wazee wake humwendea Mansur, naye huvaa kanzu, akatia koti, akaenda akasimama mbele ya nyumba ya binti na kupiga hodi ya kutoa machozi. Hodi ya Mansur haikuwa juu wala haikuwa chini. Ilikuwa na heshima, na ilikuwa na subira. Na sheria yake ilikuwa moja tangu ujana. Hodi ni tatu. Ukijibiwa unaingia, usipojibiwa unageuka na kwenda zako, hata mlango ukiwa wazi na harufu ya biriani inakuita kwa jina lako. Kwa sheria hiyo alikuwa ameozesha nusu ya Likoni, na nusu iliyobaki ilikuwa bado haijabaleghe.

Lakini mganga hajigangi. Nyumbani kwake alikuwamo Bibi Swabra, mkewe, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyopumzika. Jioni moja binti yao Waridi alimwonyesha mama yake picha kwenye simu: mume na mke wameketi juu ya jiwe, kileleni mwa Kisiwa cha Mvuleni, kile kisiwa cha msitu kilicho ng'ambo ya mikoko, ambacho wanakijiji wamekifanya hifadhi na kukikatia njia ya wageni. Swabra aliitazama picha ile muda mrefu kuliko picha inavyostahili kutazamwa. Kisha akarudisha simu, akaendelea kuchagua mchele.

"Mimi nimeolewa miaka thelathini na miwili," alisema, wala hakupandisha sauti. "Nimepelekwa harusini, nimepelekwa msibani, na hospitali nimepelekwa. Sijapata kupelekwa mahali hivi hivi tu."

Hakusema zaidi, na lingekuwa jambo la afadhali kama angesema zaidi. Mansur alikuwa amezoea mikuki ya maneno, maana mabaraza ya posa yana mikuki mingi, lakini mkuki huu ulirushwa pole, ukaingia pole, ukakaa. Usiku ule Mfungua Milango Sabini alihesabu milango yote aliyowafungulia watoto wa watu wapate wake, akatafuta mmoja aliomfungulia mkewe mwenyewe, asiuone. Akaona haya, na haya ni mgeni mbaya, haondoki mpaka apewe kitu.

Ijumaa, baada ya sala, akasimama mbele ya wanywa kahawa akatangaza kwamba Jumamosi hiyo, maji yakipwa, atamchukua mkewe hadi Mvuleni, apande naye hadi kileleni, wale chakula cha mchana huko, warudi. Shemeji yake Hashim, mwenye kejeli ya kuzaliwa nayo, akauliza huko kisiwani ni nani aliyekufa. Mansur akajibu kwamba hakuna aliyekufa. Hashim akauliza basi anayeoa ni nani. Wakacheka wote, akacheka hata muuza kahawa, na kuanzia hapo mambo yakawa hayana kurudi nyuma. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Basi kukapambazuka Jumamosi iliyoandikwa. Shujaa akavaa kanzu iliyopigwa pasi na koti la posa, na miguuni makubadhi ya ngozi yaliyopakwa mafuta, kwa sababu katika umri wake wote hakuwa ametoka kwenda kwa watu na mavazi mengine, na hakuna aliyemwambia kwamba msitu hauangalii nguo. Bibi Swabra akavaa buibui lake jema na raba za Waridi, akashika kapu lenye hotipoti, chupa ya chai, na sahani mbili za udongo, maana kula pilau kwenye sahani ya plastiki si kula. Waridi akawasomea saa za maji. Wavuke saa tatu, na wawe wamerudi kabla ya saa saba na nusu, la sivyo watalala na kima.

Ewe ulimi wangu, usinikwame sasa, maana tumefika kwenye tope la Mvuleni. Kati ya bara na kisiwa maji yakipwa hubaki uwanja wa tope mweusi, upana wake kama kiwanja cha mpira, na kaa wake walikuwa wamepanga safu, silaha zimeinuliwa. Mansur akakunja kanzu na kuwaingia. Hatua ya kwanza tope lilimpokea kwa adabu. Hatua ya kumi likamshika. Hatua ya ishirini likamwomba kubadhi la kulia, naye akalikatalia, wakavutana yeye na tope muda mrefu, kila mmoja akiwa na haki yake, hata mwisho guu likatoka na kubadhi likabaki. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko akitafuta, akamtoa kaa. Swabra alikuwa amekwisha kuvuka zamani, yuko upande wa pili anasafisha raba kwa jani.

Sasa wakafika mlangoni. Mlango wenyewe ulikuwa miti miwili ya mkoko iliyosimikwa, baina yao njia, na kando kibanda cha mlinzi. Kibandani mlikuwa na kiti, na juu ya kiti sweta, na chini ya kiti kikombe cha chai iliyonywewa nusu. Mlinzi hakuwamo. Kizuizi hakikuwapo, wala mnyororo, wala kamba. Mtoto wa kuku angepita. Lakini Mansur aliona sweta na kikombe, akajua kwamba mahali hapa pana mwenyewe, akasimama, akatengeneza koti, akapiga hodi.

Hodi ya kwanza ilijibiwa na ndege mmoja, hondohondo, na kelele zake hazikuwa karibu. Hodi ya pili ikaingia baina ya mivule na mibambakofi, ikapotelea huko. Hodi ya tatu Mansur aliipiga kwa ufundi wake wote, hodi ya kumposa binti wa kadhi, nayo ikaenda mbali na kurudi, na baada yake kukawa kimya. Kima mmoja juu ya tawi alimtazama akajikuna kwapa.

Mansur akageuka. "Tumekosa mwenyeji," akamwambia mkewe.

Hapo ndipo vilipoanza vita ambavyo wanaokiona kisiwa hiki kwenye ramani hawavijui. Mbele yake palikuwa na sheria, nyuma yake palikuwa na ahadi. Kurudi hakuweza, maana Hashim alikuwa na kahawa yake anamngoja. Kuingia hakuweza, maana hodi zilikuwa tatu na zimekwisha. Akasimama pale, mgongo kwa msitu na uso kwa tope, guu moja limevaa na moja liko wazi, dakika tano, kumi, nusu saa, na nyuma ya mikoko mkondo wa bahari ukaanza kugeuka pole pole.

"Mama Waridi," akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya barazani ingawa baraza ilikuwa ya mtu mmoja. "Mimi nimeingia nyumba za matajiri na nyumba za mafakiri, na wallahi hakuna niliyoiingia kwa kunyemelea. Mahali hapa pana mwenyewe, na mwenyewe hakunijibu. Nikiingia leo bila kukaribishwa, kesho nitasimama na uso gani mbele ya mlango wa watu?"

Swabra alimsikiliza mpaka akamaliza, kama alivyomsikiliza miaka yote. Aliliweka kapu chini. Akalitazama tope, ambalo pembeni lilikuwa limekwisha kuanza kung'aa maji. Kisha akaliinua tena kapu lake, akapita baina ya ile miti miwili bila kupiga hodi, bila kugeuka nyuma, akaifuata njia mpaka mahali inapokunja, akatoweka.

Mansur akabaki peke yake. Wasimulizi wengine wangesema hakuogopa. Sisi tunasema aliogopa, na alichokiogopa hakikuwa nyoka wala kima. Aliogopa kwamba safari hii ya pekee, iliyochukua miaka thelathini na miwili kufika, mkewe ataimaliza peke yake na yeye ataisikia kwa kusimuliwa.

Ndipo ikatoka sauti msituni.

"Karibu."

"Nani huyo?" akauliza, ingawa alijua.

"Mwenyeji."

"Mwenyeji tangu lini, Mama Waridi?"

"Tangu sasa hivi," ikajibu sauti. "Baba Waridi, hodi zako tangu zamani nazijibu mimi. Ukitoka bandarini na jasho lako najibu. Ukitoka kwenye posa za watu, umeshiba na mimi nakungoja na chakula, najibu. Siku gani ulipiga hodi ukakosa jibu, na mimi ni mzima? Mimi niko ndani, wewe uko nje. Karibu, mume wangu. Ingia, pilau inapoa."

Mansur akaigeuza hoja hii juu chini, akaitafutia tundu kwa uzoefu wake wote wa ushenga, asione tundu. Aliye ndani ndiye mkaribishaji wa aliye nje. Hiyo ni kauli yake mwenyewe, alikwisha kuwashinda nayo wakwe wabishi. Akasema ahsante kwa sauti ya kusikika, akatanguliza guu la kulia, ambalo ndilo lisilo na kiatu, akaingia.

Ya kupanda kilima yanataka msimulizi mwenye pumzi nyingi kuliko alizokuwa nazo Mansur. Njia ilikatwa kwenye jiwe la matumbawe, na mizizi ya mivule ilikuwa imeilalia. Siafu walimpanda kwa guu lililo wazi, wakamtuma mmoja wao atangulie hadi gotini, na siafu huyo akauawa na shujaa kwa mkono wake. Mara tatu Mansur alisimama, mkono kiunoni, akatangaza kwamba angependa kuyastaajabia majani. Mara zote tatu Swabra alisimama naye akayastaajabia vilevile, wala hakutaja goti bovu la mumewe. Mara ya nne alimpa mkono, akauchukua, na hakuurudisha mpaka juu.

Naam, juu. Kileleni palikuwa na jiwe pana na upepo. Huku upande mmoja zikaonekana winchi za bandari ambako Mansur alimalizia ujana wake, ndogo kama vibiriti, na upande mwingine mabati ya Likoni, moja baada ya jingine, mengine mapya na mengine ya kutu. Swabra akauliza paa lao ni lipi. Mansur akaonyesha moja, na pengine lilikuwa lenyewe. Akasafisha koo, akasimama, akaanza kumhimidi Mola na kuwashukuru waliohudhuria, kama anavyofanya kila mahali, kisha akaona hakuna aliyehudhuria ila mmoja, na huyo anapakua pilau. Akaketi. Wakala. Yeye aliyeozesha nusu ya Likoni kwa maneno, alikaa nusu saa nzima hana neno, na Swabra akavua raba, akanyoosha miguu juani, akafumba macho. Uso wake ulikuwa wa msichana ambaye Mansur alimwona mara moja tu, kupitia mlango uliofunguliwa nusu, mwaka wa posa yake mwenyewe. Moyo ulimwuma kwa furaha, na kwa hasara ya miaka aliyoichelewesha.

Waliporudi chini walimkuta mlinzi kibandani, kijana aitwaye Munga, anamalizia chai yake baridi. Akawaamkia shikamoo, akaomba radhi kwamba alikuwa upande wa pili kukagua mizinga ya nyuki, akasema kwa kawaida wageni hupita tu. Mansur hakutaka kulijadili hilo. Munga akawaomba waandike majina kwenye daftari, na upesi, maana maji yanapanda.

Mansur akashika kalamu. Jina, akaandika. Atokako, akaandika. Saa ya kufika, akaandika kwa ukweli, na ile nusu saa ya mlangoni akaijumlisha. Kisha akafika kwenye safu ya mwisho: sababu ya kuzuru. Juu yake mmoja aliandika "masomo", mwingine "utafiti wa vipepeo", mwingine "ukaguzi". Kalamu ikasimama. Maji yakafika kwenye mizizi ya mkoko wa kwanza. Munga akasema mzee aandike chochote. Mansur hakuwa mtu wa kuandika chochote; alikuwa karani miaka thelathini, na hajapata kuandika mzigo usiokuwamo. Akafikiri, akainama, akaandika kwa mwandiko wake wa bandarini, herufi kubwa, maneno mawili: MKE WANGU.

Munga akayasoma, akauliza kama bibi ameajiriwa hapa kisiwani.

Swabra naye akayasoma, juu ya bega la mumewe. Akajitanda buibui, akashika kapu, akatangulia majini kwa haraka, ili asionekane uso wake, na maji yalimfika magotini hakuyaona. Mansur akavua kubadhi lililobaki, akalitupa topeni likamfuate mwenzake, akaenda nyuma ya mkewe.

Na itangazwe basi, kwa wenye kusoma na kwa wenye kusomewa: katika zama hizi zetu, Jumamosi ya maji makubwa, saa saba na robo, Mansur bin Mwidani aliitoka Mvuleni peku, ameshinda. Daftari lipo, na mstari ule upo, baina ya vipepeo walioandikwa juu yake na wanafunzi thelathini walioandikwa chini yake, na asiyesadiki na avuke maji yakipwa akausome mwenyewe.